Walipekua chumba changu, baba mkwe akabaki nje kwa heshima: karatasi iliposomwa mahakamani, wote tulibaki mdomo wazi

Wakuu, salaam kwenu. Walionizidi umri kama mmo humu ndani, shikamooni, ingawa sidhani kama mnafika watano.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kidogo. Humu huwa napita kimya kimya, nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeshindwa kuondoka.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja aliyepekuliwa geto lake. Eti askari walipoingia, yeye alikaa nje kwenye ndoo anachati mpaka wakamaliza. "Sina cha kuficha, kwa nini nihangaike?" Na mkampa like mia kidogo!

Nilitaka kurusha simu.

Kijana wangu, na sisi hatukuwa na cha kuficha. Ngoja nikuhadithie yaliyotupata. Sitaongeza chumvi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, upande wa Ilongero kwetu Singida. Tulikuwa tumeshahamishwa kutoka kwenye maboma yetu ya zamani na kupangwa kwenye mistari, nyumba hapa na nyumba pale, kama wanafunzi paredi. Nilikuwa na mwaka mmoja na ushee kwenye ndoa, na mtoto wa miezi mitatu. Mume wangu alikuwa Shelui, kibarua kwenye kambi ya barabara. Nyumbani nilibaki na wakwe zangu.

Baba mkwe nitamwita Mzee Ntandu. Mtu mpole, wa ng'ombe wake na uwele wake. Alikuwa mjumbe wa kamati ya duka la kijiji, na alitunza ufunguo mmoja wa duka. Wa pili ulikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Sasa nieleweni vizuri hapa, maana bila hili uzi wote hamtauelewa.

Kwetu wakati ule, baba mkwe na mke wa mwanawe walikuwa na heshima kali. Kukaa naye mkeka mmoja hakuna. Kula naye hakuna. Nikimpelekea maji, nayaweka chini, naondoka, ndipo anachukua. Na chumba changu, yaani chumba anacholala mwanawe na mkewe, asingekanyaga hata nyumba ikiungua. Nyinyi wa leo mnamwita baba mkwe "dingi" na mnagombania naye rimoti, kwa hiyo najua mnaona nawatania. Siwatanii. Mzee kuonekana kwenye chumba cha mkamwana ilikuwa aibu ya kumfuata mtu mpaka kaburini.

Haya. Siku moja kijiji kikaamka na habari kwamba duka limeibiwa. Khanga zimeondoka, sabuni za mche zimeondoka, na sukari. Bidhaa hizo wakati ule tulikuwa tunazipangia foleni tukiwa na njaa, halafu zinaishia kwa aliye mbele yako. Na kufuli halikuvunjwa. Limefunguliwa kwa ufunguo.

Mlinzi wa zamu alikuwa mgambo mmoja tuliyemwita Makoti, kwa sababu alikuwa na koti zito la jeshi na alilivaa jua liwepo lisiwepo. Yeye akaapa hakusikia kitu.

Kesho yake asubuhi tukasikia hodi.

Alikuja koplo mmoja wa polisi kutoka mjini, mrefu sana, pamoja na Makoti. Na walimpitia balozi wetu wa nyumba kumi ili awe shahidi. Hiyo ndiyo ilikuwa taratibu, na mpaka hapo sina neno.

Tatizo ni kwamba balozi wetu alikuwa mdogo wake Mzee Ntandu, tumbo moja. Baba mdogo Athumani. Maana yake na yeye ni baba mkwe wangu.

Mmeanza kuona?

Mama mkwe akatoa vigoda, akaleta uji. Koplo hakuwa na maneno mabaya, nampa haki yake. Akasema, "Shikamoo mzee. Tumetumwa tupekue nyumba za wote wanaohusika na duka."

Mzee akajibu, "Marahaba. Nyumba ni yenu, wanangu. Piteni."

Hakuuliza una karatasi gani. Hakuuliza unatafuta nini. Mgeni akija unamwambia apite, basi. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba kuna mgeni wa kumuuliza kwanza.

Mimi nilibeba mtoto nikatoka kwenda kwenye kibanda cha jikoni nyuma, maana nisingeweza kukaa pale wanaume wanazunguka nyumba na baba mkwe yupo katikati yao.

Chumba cha wazee walipekua, Mzee na balozi wakiwa ndani wanaangalia. Vizuri. Ghalani wakapekua, wote wakiwepo. Vizuri pia. Walipofika mlangoni kwangu, wale wazee wawili wakasimama kama wamegongwa na ukuta.

Nilimsikia baba mdogo Athumani akisema, "Humo ni kwa mkamwana. Sisi hatuwezi. Ingieni nyinyi wenyewe."

Wakageuka hata mgongo! Kwa heshima! Mwenye nyumba na shahidi wake, wote wawili wakaangalia zizi la ng'ombe wakati chumba kinapekuliwa.

Koplo naye hakuingia. Tembe zetu zilikuwa za paa la chini, giza ndani, na mimi alfajiri ile nilikuwa nimesiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Nilisiriba chumba chote, mpaka chini ya kitanda, kwa sababu kitanda chetu kilikuwa cha miti iliyochimbiwa ardhini, hakihamishiki, kwa hiyo ulikuwa unatambaa na kupaka mpaka ukutani. Koplo alipotia mguu mmoja, aliteleza. Nikamsikia anashika mwimo wa mlango na kuguna. Akamwambia Makoti, "Ingia wewe, angalia chini ya kitanda."

Makoti akaingia na koti lake.

Kabla hata uji haujapoa, akatoka na furushi la gazeti. Ndani yake doti moja ya khanga mpya na miche miwili ya sabuni.

Wakuu, nilichungulia kutoka jikoni nikaona lile furushi. Nilikaa chini na mtoto mkononi. Nilikuwa nashangaa tu, nashangaa mpaka masikio yanavuma. Chumba changu! Nimetoka kukisiriba kwa mikono hii! Ile harufu ya mavi ilikuwa bado kwenye kucha zangu.

Mama mkwe akapiga yowe moja, akaziba mdomo.

Mzee Ntandu yeye hakuangalia khanga. Halafu akasema kitu ambacho sikukielewa mpaka baadaye sana: "Nyumba ni yangu. Niandikeni mimi."

Koplo akaandika karatasi juu ya goti lake. Akaikunja kidogo, akamfungulia Mzee kidau cha wino. Mzee hajui kusoma. Akaweka dole gumba. Balozi naye hajui kusoma, akaweka la kwake. Mimi niliyemaliza darasa la saba nilikuwa hatua ishirini kutoka pale, jikoni, namnyonyesha mtoto. Hakuna aliyenikumbuka, na mimi sikujikumbusha.

Wakaomba maji. Koplo akaosha kiatu chake. Kimoja. Wakaondoka na Mzee.

Sasa hapa ndipo panaponiuma, na sitajificha.

Nilijua siku ile ile kwamba lile furushi halikutoka chini ya kitanda. Makoti alipoliinua juu niliona gazeti ni kavu mpaka chini! Weka gazeti kwenye sakafu iliyosiribwa alfajiri, halafu liokote, uone kama halijashika tope la kijani chini. Nilijua. Na nilinyamaza.

Jioni nilimwambia mama mkwe peke yake. Akanisikiliza, akapandisha pumzi. Akaenda kwa baba mdogo Athumani. Jibu likarudi: mambo ya chumbani kwa mkamwana hayasemwi mbele ya watu, na hasa mbele ya mkwe wake. Tutamtafutia Mzee njia nyingine.

Njia gani? Hakuna aliyeijua. Uwele ulikuwa umeiva shambani, ndege wanaushambulia, na mwenye nyumba yuko mahabusu mjini. Watu walikuwa wanasema mwizi wa mali ya kijiji hafungwi mwezi, anafungwa miaka. Mume wangu alipopelekewa habari na lori, akarudisha ujumbe kwamba anaomba ruhusa. Ruhusa haikuja.

Wiki ya pili mimi na mama mkwe tukatembea mpaka mjini kumpelekea Mzee chakula. Kaunta alikuwepo sajenti mmoja wa makamo, mnene, anapepea kwa faili. Mama mkwe akaanza kulia pale pale. Yule sajenti, badala ya kumfukuza, akauliza kidogo kidogo.

"Upekuzi ulifanyika mwenye nyumba akiwepo?"

"Alikuwepo," mama mkwe akasema.

"Ndani ya hicho chumba?"

"Hapana. Ataingiaje? Ni kwa mkamwana."

"Na shahidi je?"

"Huyo ni mdogo wake."

Sajenti akaacha kupepea. "Mama, unaniambia vitu vimetolewa kwenye chumba na hakuna mtu wenu hata mmoja aliyekuwa ndani?"

Akatuambia mambo ambayo kwetu yalikuwa mageni kabisa. Kwamba mwenye nyumba ana haki ya kuwepo, tena kuona kwa macho, sio kuwepo uani. Kwamba anaweza kuuliza askari ametumwa na nani na anatafuta nini. Kwamba anaweza kuwaomba wanaoingia waonyeshe kwanza mikono na mifuko yao. Kwamba vitu vikichukuliwa vinaandikwa, na ile karatasi unasomewa kabla ya kuweka dole, ukiona imeandikwa uongo unakataa. Na kwamba kama wewe huwezi kuingia mahali, unaweza kuomba aingie mtu mwingine unayemwamini. Mwanamke, kwa mfano.

Mama mkwe akaniangalia. Yeye angeweza kuingia! Alikuwa amesimama pale pale na kibuyu cha uji! Mke wa mwenye nyumba, mama wa mume wangu, aliyekuwa akiingia kwangu kila siku kumchukua mtoto. Hakuna aliyefikiria kumwambia, na yeye mwenyewe hakufikiria.



Siku ya kesi, mahakama ya mwanzo ilijaa. Hakimu alikuwa mgeni, mtu wa pwani, Kiswahili chake laini. Kushoto na kulia kwake wazee wa baraza wawili, watu wa kwetu. Makoti alikuja na koti lake, akaeleza kwa kujiamini. Mzee Ntandu alipoulizwa, alijibu kwa sauti ndogo tu, "Nyumba ni yangu." Hakubishi, hakatai. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na wanawake, nimejifunika khanga mpaka puani ili nisimkosee heshima.

Hakimu akaomba ile karatasi isomwe.

Karani akasoma. Naikumbuka mpaka leo kwa sababu kila neno lilinichoma: kwamba doti moja ya khanga na miche miwili ya sabuni vilikutwa "chini ya kitanda cha mtuhumiwa, chumbani, mbele yake mwenyewe akishuhudia".



Mahakama nzima ikaguna. Sio kunong'ona, kuguna. Bibi mmoja pembeni yangu akasema kwa Kinyaturu, "Mungu wangu, kitanda cha mkwe wake?" Kwa sababu kila mtu kijijini alijua furushi lilitoka chumba gani. Sasa karatasi ya serikali inasema ni kitanda cha Mzee, na Mzee alikuwemo humo ndani! Na chini kuna dole gumba lake mwenyewe!

Hakimu akawa anashangaa, anauliza kuna nini. Mzee mmoja wa baraza akamwinamia sikioni kumweleza.

Na Mzee Ntandu, wakuu. Yule mtu aliyekuwa amekubali kufungwa kwa wizi bila kupepesa. Alisimama bila kuitwa. "Mimi?" akasema. "Mimi niliingia kwa mkwe wangu? Mimi?" Akageuka kutafuta mtu wa kumjibu. "Nifungeni kwa khanga. Hiyo nyingine msiniandike. Naomba msiniandike hiyo."

Machozi yalimtoka mbele ya kijiji kizima. Sikuwahi kuona mwanaume wa umri ule akilia namna ile.

Hapo ndipo niliposimama. Mama mkwe alinivuta khanga, halafu akaiachia.

Nikasema, "Hakimu, naomba kusema. Kile chumba ni changu. Baba hajaingia humo tangu nimeolewa. Na lile furushi halikuwa chini ya kitanda."

Mzee akafunika uso kwa viganja ili asinione, na mimi nikageukia ukuta ili nisimwone. Ndivyo nilivyotoa ushahidi wangu, nikiongea na ukuta. Hakimu alitaka kunigeuza, yule mzee wa baraza akamzuia.

Nikaeleza sakafu. Nikaeleza mavi ya ng'ombe, majivu, alfajiri, kutambaa mpaka ukutani, na Makoti alivyotoka na magoti safi. Nikaomba furushi ligeuzwe, gazeti liangaliwe chini. Likaletwa. Hakimu akaligeuza, akaligeuza tena. Kavu, safi, unaweza kulisoma.

Halafu nikasema, "Afande koplo aulizwe kama sakafu haikuwa mbichi. Aliosha kiatu kwetu."

Koplo akasimama. Angeweza kukataa, na nani angembishia? Aliangalia kiatu chake. Akasema, "Ni kweli. Niliteleza mlangoni. Sakafu ilikuwa mbichi."

"Uliona kwa macho yako furushi likitoka chini ya kitanda?" hakimu akauliza.

"Nilimwona mgambo akitoka nalo. Ndani sikuingia."

"Na haya uliyoandika, kwamba mzee alikuwa anashuhudia?"

"Huwa tunaandika hivyo, mheshimiwa."

Huwa tunaandika hivyo! Yaani mtu aende jela, aende na aibu ya maisha, kwa sababu huwa tunaandika hivyo.

Hakimu akamgeukia Makoti na kumwambia aonyeshe alivyotambaa kwenye tope bila kuchafua magoti. Makoti akaanza kuvutavuta koti lake. Siku ile ile askari walikwenda kupekua kwake, safari hii hakimu alisisitiza wenye nyumba wawepo na kila mtu aone, na sabuni zilizobaki zikakutwa kwenye kihenge cha uwele. Namna alivyoupata ufunguo sikuwahi kujua, kwa hiyo siwezi kuwatungia.

Mzee Ntandu akaachiwa. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele mbali, sisi wanawake nyuma. Mama mkwe ndiye aliyeniambia njiani kitu kilichonimaliza. Siku zote zile mahabusu, Mzee alidhani ni mimi niliyeiba. Mimi au mwanawe. "Nyumba ni yangu, niandikeni mimi" ilikuwa ni kunifunika. Alikubali kuozea jela ili mama wa mjukuu wake asiende.

Na mimi nilikuwa nimejua ukweli muda wote huo, nimekaa nao jikoni.

Ulipoanza mwaka mpya wa kisomo cha watu wazima, Mzee alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Watu wakamcheka, mzee mzima na kibao cha kuandikia. Hakujali.

Miaka ikapita, wakaja tena askari, safari hii ni msako wa bidhaa zilizofichwa, wanapita nyumba hadi nyumba. Mzee nywele zote nyeupe. Akawasalimia vizuri, akawapa vigoda, halafu akanyoosha mkono. "Karatasi."

Wakampa. Akaisoma. Wakuu, aliisoma polepole, kidole kinafuata neno kwa neno, askari watatu wamesimama juani wanangoja. Alipomaliza akawaambia wavue makoti na waonyeshe mifuko. Mmoja akataka kuwaka, mkubwa wao akamwambia fanya anavyosema mzee.

Walipofika mlangoni kwangu nilidhani atamwita mama mkwe. Akasimama pale. Miaka kumi na moja nilikuwa kwenye ile familia, na hajawahi kuniita kwa mdomo wake.

Akasema, "Mwanangu, hodi."

Nikasema, "Karibu, baba."

Akaingia. Akasimama katikati ya chumba changu, hakuangalia kitanda, hakuangalia nguo zangu, aliangalia mikono ya wale askari tu, kila ilikokwenda, mpaka wakamaliza. Halafu akataka iandikwe kwamba hakuna kilichokutwa, akaisoma, na akatia sahihi kwa jina lake lote.

Sasa wewe kijana wa kwenye ndoo. Mimi sio mwanasheria, sheria zimebadilika na wanaozijua humu wanirekebishe. Ila usikae nje. Uliza wametumwa na nani, uliza search warrant, yaani hati ya upekuzi, na kama hawana uliza kwa nini hawana. Ingia nao. Angalia mikono. Soma kabla ya kusaini, hata kama wanakuharakisha. Heshima yako kwa askari haipungui ukifanya hivyo.

Na nyote mnaosoma, niandikieni hapa chini: kwenye nyumba yenu, ni chumba gani ambacho kwa heshima, kwa dini au kwa aibu tu, wewe huwezi kuingia? Na mmeshakubaliana nani ataingia?

Sisi hatukuwa tumekubaliana, na mtu mzima alilia mbele za watu.